Kigari cha nyuma kilichoacha reli kila injini iliporudi kinyumenyume: uchambuzi wa kisa

Usuli

Injini ya kisa hiki ni ya mvuke, ya mpangilio wa 2-8-2: magurudumu mawili ya kuongoza mbele, manane ya kuendesha katikati, na mawili nyuma yanayobebwa na kigari chake chini ya sanduku la moto na chumba cha dereva. Ni injini iliyohifadhiwa. Huvuta mabehewa ya abiria kwenye njia fupi yenye kona kali na mlima mmoja mrefu. Majina ya watu, ya karakana na ya njia yenyewe yameondolewa, na vipimo vyake vimetajwa kwa makadirio tu ili isitambulike.

Bila kuelewa kwa nini kigari hicho kipo, kisa hakieleweki. Katika injini za zamani sanduku la moto lilibanwa kati ya fremu mbili. Kwenye njia ya upana wa milimita 1,435, hiyo ilimaanisha wavu wa makaa wa upana wa mita moja hivi. Kuurefusha kuna mwisho wake, kwa sababu mchochea moto hawezi kurusha makaa kwa koleo mbali sana na kuyatandaza sawasawa. Kuupanua juu ya magurudumu makubwa ya kuendesha nako kuna gharama: sanduku linapanda juu na kukosa kina. Njia iliyobaki ni kulisogeza nyuma kabisa ya magurudumu ya kuendesha, likae kwa upana na kwa kina, kisha uzito wake ubebwe na magurudumu madogo. Mwaka 1897 kampuni ya Baldwin ilipeleka Japani injini za 2-8-2 zenye sanduku pana, na mwaka 1901 ikatengenezea shirika la reli la New Zealand injini za daraja la Q, za 4-6-2, zilizoagizwa na A. L. Beattie, mhandisi mkuu wa mitambo wa shirika hilo. Kote kuwili shida ilikuwa makaa ya ubora wa chini, ambayo hayatoi mvuke wa kutosha yasipochomwa kwenye wavu mkubwa. Kufikia mwaka 1925, kampuni ya Lima ya Marekani ilitoa injini ya majaribio A-1, ya 2-8-4, yenye wavu wa futi za mraba 100, yaani takribani mita za mraba 9.3, na kigari cha nyuma cha ekseli mbili kuubeba.

Lakini kigari hicho hutoza kodi. Kila tani inayokaa juu yake ni tani isiyokaa juu ya magurudumu ya kuendesha, na mshiko wa injini kwenye reli hutokana na uzito ulio juu ya magurudumu ya kuendesha peke yake. Ndiyo maana Uingereza, walipopanga injini yao nzito ya mizigo iliyotoka mwaka 1954 kwa jina la 9F, waliacha wazo la awali la 2-8-2 wakachukua 2-10-0, na sanduku pana wakaliweka juu ya magurudumu ya nyuma ya kuendesha, hata kama lilipungua kina. Walitaka uzito uwe kwenye mshiko.

Katika injini ya kisa hiki kigari ni cha ekseli moja. Kimeshikwa na mkono wenye umbo la pembetatu ambao pini yake iko mbele ya ekseli, chini ya fremu, kwa kufuata wazo la Levi Bissell, aliyepata hataza yake mwaka 1857. Injini ikiingia kwenye kona, mkono huzunguka kidogo kwenye pini na ekseli huelekea katikati ya duara la kona. Juu ya makasha ya beringi kuna mabamba ya mteremko: kigari kikisogea pembeni, fremu hupanda kidogo kwenye mteremko, na uzito wake hukirudisha kigari katikati. Tena kuna nyenzo za kusawazisha, moja kila upande, zinazounganisha springi ya kigari na springi za magurudumu ya nyuma ya kuendesha. Gurudumu moja likiingia kwenye bonde dogo la reli, wenzo huinama na uzito hugawanyika upya, ili kila gurudumu liendelee kubeba sehemu yake.

Kilichotokea

Injini ilikuwa imetoka kwenye matengenezo makubwa. Boila lilikaguliwa na kupita. Magurudumu manane ya kuendesha yalivishwa matairi mapya ya chuma, kwa kuwa yale ya zamani yalikwisha kukerezwa mara nyingi hadi kufikia unene wa mwisho unaoruhusiwa. Matairi ya kigari yalikuwa bado na nyama ya kutosha, hivyo yalikerezwa kidogo tu kurudisha umbo la ukingo, yaani mdomo wa gurudumu unaolizuia lisitoke kwenye reli, na kufungwa tena. Kila kazi kati ya hizo, ukiitazama peke yake, ilifanywa vizuri.

Ikienda mbele, injini haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa yadini. Mwisho wa safari, injini huyasukuma mabehewa matupu kinyumenyume hadi kwenye njia ya kuegesha, na hapo hupita pointi, yaani mahali njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili, zilizo ndani ya kona. Siku moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la nje la kigari lilipanda juu ya reli, likatembea kidogo juu yake, kisha likaanguka nje. Hakuna aliyeumia. Waliinua kwa jeki na vipande vya mbao, wakairudisha. Baada ya muda mfupi ikaacha reli tena, mahali palepale.

Uamuzi wa kwanza: kutengeneza njia

Mahali palikuwa palepale mara zote mbili, kwa hiyo timu ililaumu njia. Waliopima reli walikuta kiungo kimoja cha reli kimezama, na reli ya nje imelika ubavuni. Kiungo kilishindiliwa kokoto na kuinuliwa, ubavu wa reli ukapakwa grisi.

Sioni kosa katika uamuzi huo. Kiungo kilichozama kilikuwa kasoro ya kweli, na kukitengeneza ilikuwa kazi ya siku moja. Injini ikapita pale kwa wiki kadhaa bila taabu, na jalada likafungwa. Kisha reli zikakauka, grisi ikaisha, na kigari kikaacha njia kwenye kona nyingine kabisa ambayo vipimo vyake vilikuwa safi. Safari hii pia injini ilikuwa ikirudi nyuma na kusukuma mabehewa.

Uamuzi wa pili: kukiongezea kigari uzito

Sasa macho yalihamia kwenye injini. Hoja ilikuwa rahisi: gurudumu linapanda reli kwa sababu ni jepesi, basi liongezewe uzito. Wenzo wa kusawazisha wa injini hii una matundu mawili ya pini ya egemeo, na kuihamisha pini kutoka tundu moja hadi jingine hubadili mgawanyo kati ya kigari na magurudumu ya kuendesha. Pini zikahamishwa pande zote mbili ili kigari kibebe zaidi.

Kigari kilitulia kiasi. Lakini wiki hiyohiyo madereva walianza kulalamika mlimani. Injini iliyokuwa ikiondoka kwa utulivu sasa ilizungusha magurudumu bure kila regulata, yaani vali ya kupitisha mvuke, ilipofunguliwa, mchanga wa kuongeza mshiko ulimwagwa kwa wingi, na reli zikaanza kuonyesha madoa ya kuungua. Safari moja ilibidi treni ikatwe vipande viwili ili ipandishwe. Na yadini, baada ya yote hayo, kigari kiliacha reli mara nyingine.

Hapo ndipo lilipotolewa pendekezo la tatu: kuongeza ukali wa mteremko kwenye mabamba, kigari kikazwe zaidi katikati. Fundi mkuu alikataa. Sababu yake iliandikwa kwenye daftari la kazi kwa mistari michache, na kwangu ndiyo mistari yenye thamani kubwa kuliko yote katika jalada zima: mteremko mkali huongeza nguvu ya pembeni inayosukuma ukingo wa gurudumu kwenye reli, bila kuongeza hata kilo moja ya uzito wa kulikandamiza chini. Akaagiza injini isiguswe tena mpaka ipimwe.

Kupima

Injini iliwekwa kwenye njia iliyosawazishwa, maji ya boila yakiwa kwenye kimo cha kazi na moto ukiwa umezimwa. Kila gurudumu lilipimwa uzito peke yake. Kwenye njia tambarare kigari kilibeba uzito wa kutosha pande zote mbili, na kwa pini ilipokuwa sasa, zaidi ya inavyotakiwa. Kama wangeishia hapo wangesema kigari hakina neno.

Hawakuishia hapo. Walichukua vipimo vya kimo: kutoka juu ya reli hadi chini ya fremu, mbele, katikati na nyuma, kisha pembe ya kila wenzo. Fremu ilikuwa imepanda juu ya kigari kwa takribani sentimita tatu kuliko mchoro ulivyotaka. Wenzo wa kusawazisha, ambao ungepaswa kulala karibu sawa, uliinama, na ncha yake upande wa kigari ilikuwa karibu kugusa mabano ya fremu. Pale walipoweka bamba jembamba chini ya magurudumu yote isipokuwa la kigari, kuiga bonde la reli, ncha iligusa. Kuanzia hapo wenzo haukuwa wenzo tena. Mizani ya kigari ilishuka mno, nayo ya gurudumu la kuendesha lililo jirani ikapanda.

Chanzo kilikuwa matairi mapya. Tairi nene huongeza nusu kipenyo cha gurudumu, na magurudumu manane yalikuwa yameiinua fremu yote, wakati magurudumu ya kigari yalibaki madogo, tena yakapunguzwa kidogo kwa kukerezwa. Kigari kililazimika kushuka mbali na fremu ili kugusa reli, na kikautumia mwendo wote wa wenzo ambao ulikuwa umewekwa kwa ajili ya mabonde ya njia.

Yalionekana mambo mengine mawili. Bushi, yaani kikombe cha chuma kinachoizunguka pini ya mkono, ilikuwa imelika na kuwa ya umbo la yai, kwa hiyo ekseli iliweza kukaa mshazari. Na mabamba ya mteremko ya upande mmoja yalikuwa makavu, yenye mikwaruzo, hivyo kigari kikishaenda upande huo kilichelewa kurudi.

Kwa nini kinyumenyume tu

Swali hili ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki, na jibu lake lina sehemu tatu zinazokutana mahali pamoja.

Ya kwanza ni umbo la mkono. Ikienda mbele, pini hutangulia na ekseli hufuata. Ikirudi nyuma, ekseli hutangulia na pini huisukuma. Ni kama mkokoteni: ukivutwa hunyooka wenyewe, ukisukumwa hutafuta upande. Bushi iliyolika iliipa ekseli nafasi ya kutafuta upande huo, na ukingo ukawa unaielekea reli kwa pembe badala ya kwenda sambamba nayo.

Ya pili ni nguvu za kuvuta na kusukuma. Magurudumu huisukuma injini kutoka kwenye reli, chini kabisa, lakini mzigo huishika kwenye kiungo cha kuunganishia kilicho nyuma yake, juu zaidi. Ikivuta kwenda mbele, jozi hiyo ya nguvu huinua pua ya injini na kukandamiza nyuma. Ikisukuma kwenda nyuma, mambo hugeuka: pua hukandamizwa na nyuma hupunguziwa uzito. Chukua mfano wa hesabu: nguvu ya kilonyutoni 100 kwenye kiungo kilicho mita 0.9 juu ya reli hutoa momenti ya kilonyutoni-mita 90. Ikiwa umbali kati ya kundi la mbele na kundi la nyuma la springi ni mita 6, nyuma hupoteza kilonyutoni 15, yaani uzito wa tani moja na nusu hivi. Nyenzo zikiwa huru, hasara hiyo hugawanywa kwenye kundi zima la nyuma. Wenzo ukiwa umekwama kwenye mabano, sehemu kubwa ya hasara huangukia gurudumu lililo mbali zaidi na katikati ya injini, ambalo ndilo la kigari.

Ya tatu ni tenda, yaani behewa la makaa na maji linalofungwa nyuma ya injini. Injini ikilisukuma tenda ndani ya kona, nguvu haipiti kwa mstari ulionyooka. Hukata pembe kidogo na kusukuma nyuma ya injini kuelekea nje. Sehemu ya msukumo huo hufika kwenye kigari kupitia mabamba ya mteremko.

Kwa hiyo katika sekunde ileile gurudumu la nje linasukumwa pembeni zaidi, linakandamizwa chini kwa uzito mdogo kuliko kawaida, na linaielekea reli kwa pembe. Kanuni inayotumika kupima hatari hii ni ya Mfaransa Nadal: hulinganisha nguvu ya pembeni na uzito wa gurudumu, na uwiano wake ukizidi kikomo, gurudumu huweza kupanda reli; kikomo hicho hutegemea pembe ya ukingo na msuguano. Kwa ukingo wa nyuzi 70 na msuguano wa 0.3, kikomo ni takribani 1.34. Msuguano ukipanda hadi 0.5, kama kwenye reli kavu, kikomo hushuka hadi 0.95 hivi. Ukingo ukilika hadi nyuzi 60 kwenye reli hiyohiyo kavu, kikomo ni 0.66. Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini grisi ya awali ilionekana kama tiba. Iliinua kikomo, huku kilichokuwa kikilisukuma gurudumu kikibaki kama kilivyokuwa.

Matengenezo na matokeo

Pini za egemeo zilirudishwa kwenye tundu la awali. Kati ya springi ya kigari na kasha la beringi kukawekwa vipande vya chuma, kila upande, vya unene uliokokotolewa kutokana na tofauti ya nusu kipenyo, hadi wenzo ukalala sawa na kupata mwendo wake juu na chini. Bushi mpya ikakerezwa na kupachikwa. Mabamba ya mteremko yakasuguliwa na kuwekewa njia safi ya mafuta. Kisha uzito ukapimwa upya, kwenye njia tambarare na kwa bamba chini ya gurudumu mojamoja.

Katika msimu mzima uliofuata kigari hakikuacha reli, kwenye kona wala yadini. Mlimani injini ilirudi kuondoka kama zamani, na matumizi ya mchanga yakashuka. Si kila kitu kilinyooka mara moja: beringi moja ya kigari ilipata joto katika safari za mwanzo na ikabidi injini iendeshwe polepole mpaka ilipokaa vizuri. Ukingo wa upande mmoja bado hulika haraka kuliko wa pili, ingawa kwa kasi ndogo kuliko awali.

Kilichosaidia na kilichokwamisha

Kilichosaidia zaidi ni kupima gurudumu la kigari likiwa kwenye bonde la kuigiza. Mizani ya njia tambarare pekee ingewadanganya, kwa sababu kasoro ya wenzo huonekana pale tu wenzo unapotakiwa kufanya kazi. Kukataa kukaza mabamba ya mteremko kulisaidia vilevile. Hatua hiyo ingeongeza nguvu ya pembeni juu ya gurudumu ambalo lilikuwa tayari jepesi, na nadhani ingeleta ajali kubwa kuliko zile za yadini.

Kilichokwamisha kilianza karakanani, kabla injini haijatoka. Kazi ya matairi na kazi ya kigari ziliandikwa kwenye karatasi mbili tofauti, na hakuna karatasi iliyouliza kimo cha fremu baada ya zote mbili. Katika injini yenye nyenzo za kusawazisha, magurudumu ya kuendesha na kigari ni mfumo mmoja wa kubeba. Wanaoiona ekseli ya nyuma kama kigari kilichofungwa mkiani huzikagua springi zake, huikagua beringi yake, na huiacha fremu iliyo juu yake.

Kuhamisha pini ya egemeo kulishindwa kwa sababu kulitibu uzito uliopimwa kwa mawazo. Kigari hakikukosa uzito kikiwa kimesimama. Kiliupoteza kikiwa kwenye mwendo. Waliochora injini waliweka matundu mawili kwa ajili ya njia zenye kikomo tofauti cha uzito wa ekseli, na kuyatumia kuficha kasoro ya kimo kuliwagharimu mshiko mlimani, kodi ileile waliyoikwepa wachoraji wa 9F.

Tatizo la kurudi nyuma lina historia. Kwenye A-1 ya Lima, fremu kuu iliishia nyuma ya magurudumu ya kuendesha, na nguvu ya kuvuta ikapitishwa ndani ya kigari chenyewe hadi kwenye tenda, kwa hiyo injini iliporudi nyuma msukumo nao ulipita humo. Mpango huo ulipunguza uzito, lakini haukudumu: injini kubwa za baadaye zilirudi kwenye fremu iliyofika hadi nyuma, na kigari kikaachiwa kazi ya kubeba tu. Kuna pia mfumo wa Cartazzi, uliotumika kwenye injini za 4-6-2 za mhandisi Mwingereza Gresley, usio na mkono wala pini. Ekseli huteleza pembeni juu ya mabamba ya mteremko peke yake. Injini ya aina hiyo isingekuwa na bushi ya kulika, lakini kosa la kimo lingeiathiri vilevile.

Timu imeongeza ukurasa mmoja kwenye daftari la injini: kimo cha fremu sehemu tatu, pembe ya nyenzo zote, na unene wa tairi la kila gurudumu, vyote vikiandikwa siku moja. Matairi ya kuendesha yataendelea kulika na kukerezwa, fremu itashuka, na vipande vya chuma vilivyowekwa juu ya makasha ya beringi vitakuwa vinene kupita kiasi. Kwa hiyo vimetengenezwa kwa mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, ili karakana itoe bamba moja kila matairi yanapokerezwa.